Chakula cha anayefanya mazoezi: kwanza kiasi, kisha aina

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Sanya Juu wanaokimbia au kucheza mpira ni hili: "Nesi, ninywe nini ili niwe na pumzi?" Wengi wanategemea nitaje unga fulani wa kwenye kopo, au kinywaji cha chupa chenye picha ya mnyama mkali. Mimi huwarudishia swali: jana ulikula nini, saa ngapi, na kiasi gani? Jibu la kawaida ni chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi, pengine andazi moja saa nne, kisha hakuna kitu mpaka saa kumi jioni, halafu ugali mwingi usiku. Katikati hapo kijana amefanya mazoezi, amekwenda shule na kurudi kwa miguu, na amekata majani ya ng'ombe.

Mtu wa namna hiyo hajakosa chakula maalumu. Anakula kidogo kuliko anachotumia, na anakula saa zisizomsaidia. Makala hii inaeleza jinsi ya kurekebisha mambo hayo mawili kwa vyakula vya sokoni na mashambani kwetu, pamoja na dalili ambazo mwanamichezo, mzazi na mwalimu hawapaswi kuzipuuza. Imeandikwa kwa wakimbiaji, wachezaji wa mpira wa miguu na netiboli, na pia kwa wapagazi wa mlimani, ambao kwa maoni yangu ndio wanamichezo wakubwa kuliko wote wilayani Siha ingawa hakuna anayewavisha medali.

Kama una kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, usifuate ushauri wa sukari na chumvi uliomo humu kabla ya kuzungumza na mhudumu wako wa afya. Na kama mazoezi yako ni kutembea nusu saa jioni ili kulinda afya, huhitaji kuongeza chakula. Mlo wako wa kawaida unatosha.

Msichana ambaye hedhi ilisimama

Miaka michache iliyopita mama mmoja alinijia na binti yake wa miaka 16. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike. Binti alikuwa mkimbiaji wa mita 1,500 na 3,000, na alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Mama hakuzunguka: "Nesi, naomba umpime mimba. Miezi sita hajaona siku zake." Binti akaangalia chini, akasema taratibu, "Mama, si nilishakuambia."

Nilimwomba mama atupishe kidogo. Nikazungumza na binti peke yake, kisha nikampima kwa ridhaa yake. Hakuwa na mimba. Alikuwa na maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mahali pamoja pa kidole kimoja, maumivu ambayo mwanzoni yalikuja akikimbia na sasa yalimwamsha hata usiku. Nilipomuuliza chakula, alinipa ile orodha niliyoitaja hapo juu, ila yeye alikuwa amepunguza hata ule ugali wa usiku. Mtu fulani uwanjani alimwambia kwamba mwepesi ndiye anayeshinda. Alikuwa amepungua kilo nne tangu mwaka uliotangulia, katika umri ambao msichana anapaswa kuongezeka.

Nilimwandikia rufaa ya kwenda hospitali kupigwa picha ya mguu. Alikuwa na ufa mdogo kwenye mfupa. Alisimama kukimbia kwa wiki kadhaa na akaanza kula mara tano kwa siku. Hedhi ilirudi mwezi wa tano. Siku waliyokuja kunipa habari hiyo, mama alimwomba binti yake radhi mbele yangu. Katika kazi hii hilo sioni kila siku.

Jambo lililompata linaelezeka. Mwili ukipokea chakula kidogo kuliko unachotumia kwa muda mrefu, unaanza kubana matumizi. Moyo na ubongo havibaniwi, kwa hiyo unabana penginepo: hedhi inasimama, mifupa haijengwi vizuri, majeraha yanachelewa kupona, mafua hayaishi, usingizi unaharibika. Sehemu kubwa ya mfupa wa mtu hujengwa kabla ya kufika miaka 20, kwa hiyo msichana anayepoteza miaka miwili hapo anaweza kuja kuilipa uzeeni. Wavulana nao hupatwa, ila wao hawana hedhi ya kuwaonya. Kwao utaona uchovu usioisha, muda wa mbio unaopanda badala ya kushuka, hasira za ovyo, na maumivu ya mifupa yanayojirudia.

Nimewahi kusikia watu wanaojiita walimu wa michezo wakisema kwamba msichana anayefanya mazoezi makali ni kawaida akakosa hedhi. Si kawaida. Ni dalili kwamba chakula hakitoshi, au kuna ugonjwa mwingine unaotakiwa kuchunguzwa.

Kinachoisha ukikimbia

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na kwenye ini kwa umbo linaloitwa glikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo ni takribani nusu kilo, basi. Ukikimbia kwa kasi au kupanda mlima kwa nguvu, inaweza kuisha ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Mafuta yapo mengi mwilini, hata kwa mtu mwembamba, lakini yanatoa nguvu polepole. Ndiyo maana mtu aliyekimbia vizuri hadi kilomita ya 30 ghafla miguu inakuwa mizito kama imefungwa mawe, kichwa kinamzunguka, na anaanza kutembea. Hajakosa moyo, akiba yake ya wanga imeisha.

Ukilala na njaa, ukaamka ukanywa chai ya rangi ukaenda kukimbia, unaanza safari na akiba iliyopungua. Ukifanya hivyo siku sita kwa wiki, haijai kamwe.

Kiasi gani kinatosha

Mtu anayefanya mazoezi ya wastani karibu saa moja kila siku anahitaji gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Anayefanya saa moja hadi tatu za mazoezi magumu anahitaji gramu 6 hadi 10. Hesabu hizi hazisemi kitu mpaka uzione kwenye chakula. Chukua kijana wa kilo 55 anayehitaji gramu 7 kwa kilo: hiyo ni gramu 385 kwa siku, karibu sawa na wanga wote ulio ndani ya nusu kilo ya unga wa sembe. Fikiria nusu kilo ya unga mkavu, kabla haujasongwa, aimalize mtu mmoja kwa siku moja. Kwa mlo mmoja wa usiku haiwezekani. Inabidi igawanywe, na igawanywe kwa vyakula mbalimbali: ndizi, viazi, wali, uji, mihogo, mkate, sukari kidogo.

Hapa sisi watu wa mlimani tuna bahati. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga, haihitaji sahani wala kijiko, na huliwa hata barabarani. Viazi vya West Kilimanjaro vikichemshwa usiku vinabebeka asubuhi. Kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, kina wanga na protini kwenye sufuria moja. Kitawa, ndizi zilizochanganywa na maziwa mgando, kwangu mimi ni chakula bora kabisa baada ya mazoezi, na hakuna aliyekiwekea nembo.

Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, naona watoto wengi zaidi barabarani alfajiri, na wengi wanaamini mabingwa wana siri fulani ya chakula. Majirani zetu wa Kenya walishapimwa. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti ambao kwa siku saba walipima kila kitu kilicholiwa na wakimbiaji 10 wa ngazi ya juu wakiwa kambini. Chakula kilikuwa ugali, wali, viazi, mkate, kabichi, maharage, maziwa na chai. Karibu asilimia 77 ya nishati yote ilitoka kwenye wanga. Sukari, nyingi ikiwa ya kwenye chai, ilichangia karibu moja ya tano. Nyama ilikuwa kidogo. Hawakutumia virutubisho vya kopo. Walikula mara tano kwa siku.

Nisiache jambo moja: hata hao walikula kidogo kuliko walichotumia katika siku hizo saba. Kwa mtu mzima aliyekomaa, kwa kipindi kifupi kabla ya mashindano, mwili unaweza kuvumilia. Kwa mtoto wa sekondari anayekua, mwaka mzima, hapana.

Saa za kula

Kama unakimbia alfajiri, saa kumi na moja na nusu, huwezi kuamka saa nane kula ugali. Kunywa kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari na ule ndizi moja au kipande cha kiazi kitamu dakika 20 au 30 kabla. Kama tumbo lako halikubali maziwa kabla ya mbio, weka chai ya rangi lakini sukari iwepo. Wachache hawawezi kula kabisa alfajiri. Hao wale vizuri zaidi usiku uliotangulia, na wajizoeze kidogo kidogo, kwa kuwa tumbo nalo hufundishika.

Kama mazoezi ni jioni, mlo mkubwa uwe saa tatu au nne kabla. Mwanafunzi anayekula makande saa saba mchana na kuingia uwanjani saa kumi na moja yuko vizuri, akiongeza ndizi saa kumi. Anayekula makande saa kumi na nusu atayasikia njiani.

Baada ya mazoezi, usikae saa tatu bila kula. Ndani ya saa moja hivi misuli hupokea wanga kwa haraka kuliko wakati mwingine, na hili ni muhimu zaidi kwa anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga, au kitawa, au viazi na mayai mawili vinatosha. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Wanarudi nyumbani saa moja asubuhi, wanaoga, wanakimbilia shule, wanakula saa nne. Wazazi, kama mnaweza kufanya jambo moja tu katika yote niliyoandika, liwe hili: acheni uji jikoni kwenye chupa ya chai, na mwekeeni ndizi mbili kwenye begi.

Protini bila kopo

Anayefanya mazoezi anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kijana wetu wa kilo 55 anahitaji gramu 66 hadi 88 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa kina 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Dagaa wakavu, kiganja kimoja cha kujaa, wanakaribia hapo. Ongeza protini iliyomo kwenye ugali, uji na karanga, na utaona kwamba nyumba yenye ng'ombe mmoja na kuku wachache inafikisha bila shida, mradi maziwa yote yasiuzwe na mayai yote yasiende sokoni. Ninajua kwa nini yanauzwa. Lakini nimeona baba akiuza mayai trei nzima ili amnunulie mwanawe unga wa protini, na kwa bei ya kopo lile angepata mayai ya wiki nyingi.

Gawanya protini katika siku nzima. Nyama kilo nzima Jumapili haiwezi kuwekwa akiba mpaka Alhamisi.

Damu

Madini ya chuma ndiyo yanayobeba hewa ya oksijeni kwenye damu. Yakipungua, mapafu yatafanya kazi na moyo utadunda, lakini miguu haitapata hewa. Msichana au mwanamke aliye katika umri wa kuona hedhi anahitaji takribani miligramu 18 za chuma kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwanamume, na wakati huohuo ndiye mara nyingi anayepewa kipande kidogo cha nyama mezani. Hapo sina la kuongeza, kila mmoja anaijua meza yake.

Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kiko kwenye nyama nyekundu, maini, dagaa na kisusio, ikiwa mnyama amekaguliwa na daktari wa mifugo na damu imepikwa ikaiva. Maharage, choroko, ulezi, mnafu na mchicha vina chuma pia, lakini mwili unakichukua kwa shida. Unausaidia kwa njia tatu rahisi. Kula pamoja na tunda au kachumbari yenye vitamini C, kama chungwa, pera, nyanya au limau. Loweka maharage na umwage maji yake kabla ya kupika. Na hili la tatu huwa halipendwi: usinywe chai wala kahawa pamoja na mlo. Chai huzuia chuma kwa kiasi kikubwa. Inywe saa moja kabla au saa moja baada. Najua naandika haya katika nchi ya kahawa.

Usinunue vidonge vya kuongeza damu dukani kwa sababu umechoka. Njoo tupime kwanza. Uchovu unaweza kuwa malaria, minyoo ya safura inayonyonya damu, mimba, kifua kikuu, au njaa tu. Chuma kikizidi mwilini nacho hudhuru. Kwetu huku juu kipimo cha wingi wa damu husomwa tofauti kidogo na pwani, kwa kuwa mtu anayeishi mwinukoni hutengeneza damu zaidi. Namba inayotosha Dar es Salaam inaweza kuwa pungufu kidogo kwa mkimbiaji wa mlimani.

Siku ya mbio ndefu

Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa Moshi tangu 2003, na kila mwaka watu wa Siha hushuka kukimbia kilomita 42, 21 au zile 5. Nami nilijaribu 21 mara moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikula makande ya maharage mengi na kabichi, nikijisifu kwamba nakula vyakula vya asili. Kuanzia kilomita ya 8 nilikuwa natafuta choo kuliko nilivyotafuta mwisho wa mbio. Sikumwambia mgonjwa yeyote mpaka leo.

Siku ya mwisho kabla ya mbio punguza maharage, kabichi, mboga nyingi za majani na vyakula vya mafuta mengi. Kula wali, ndizi za kupika, viazi, mkate, na nyama au samaki kidogo. Siku yenyewe kula saa mbili au tatu kabla, chakula ulichokizoea. Usijaribu kitu kipya asubuhi ya mashindano, hata kama umepewa bure.

Mbio ikizidi saa moja na nusu, unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ukiwa njiani. Ndizi mbivu moja au mbili zinafika. Au tengeneza kinywaji chako: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vinne vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau la kukipa ladha. Kijiko kiwe kimesawazishwa. Hicho si dawa ya kuharisha. Mwenye kuharisha atumie ORS ya pakiti ya kituoni.

Kuhusu maji, kuna makosa mawili na watu wanajua moja tu. La kwanza ni kunywa kidogo. Mkojo wako ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Ukiwa na rangi ya maji ya limau, uko sawa. La pili ni kunywa kupita kiasi, kila kituo, bila kiu. Chumvi ya damu inazimuliwa, na mtu anaumwa kichwa, anatapika, vidole vinavimba, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya mbio na asilimia 13 walikutwa chumvi imeshuka chini ya kawaida. Wengi wanaopatwa ni wakimbiaji wa polepole, wanaokaa njiani saa nne na zaidi. Kunywa kwa kufuata kiu yako.

Wagumu wa mlimani

Wapagazi wenyewe hujiita wagumu. Anayeingia geti la Londorossi kwa njia ya Lemosho huenda akakaa mlimani siku saba au nane, mzigo mgongoni hadi kilo 20 kwa utaratibu uliowekwa, akitangulia mbele ya wageni ili hema liwe limesimama wakifika. Hakuna mchezaji wa ligi anayefanya kazi kama hiyo kila siku kwa wiki nzima.

Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kama KPAP na wenye ofisi Moshi, unataka kampuni ziwape wapagazi milo mitatu kwa siku. Kabla ya kukubali safari, uliza: mara ngapi kwa siku, na chakula gani? Kama jibu ni mlo mmoja au miwili, bado unaweza kuwa unahitaji kazi hiyo, nami sitakuambia uikatae. Lakini beba chako. Karanga za kukaanga, sukari, mkate, tende, maziwa ya unga na unga wa uji wa lishe ni vyepesi begani na vina nguvu nyingi. Robo kilo ya karanga inazidi sahani kadhaa za ugali kwa nishati.

Juu huko hamu ya kula hupotea, na kiu pia, kwa sababu ya baridi na hewa nyepesi, wakati mwili ndio unatumia zaidi. Kula kwa saa, usisubiri njaa. Supu na chai tamu husaidia mahali ambapo ugali haushuki. Na maharage yapikeni chini. Kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100, kwa hiyo utamaliza mafuta ya taa na maharage yatakuwa bado mawe.

Mtu akiumwa kichwa sana mlimani, akatapika, akayumba anapotembea au akakohoa povu, usimwambie ale apate nguvu. Huo ni ugonjwa wa mwinuko. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku.

Chupa, kopo na mbege

Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari na kafeini. Sukari ungeipata kwenye chai. Kafeini inamwamsha mtu mzima, lakini mtoto wa shule anapokunywa chupa mbili kabla ya mechi, moyo unakwenda mbio kabla ya miguu. Kwa walio chini ya miaka 18 ninashauri waviache kabisa. Virutubisho visivyo na lebo inayoeleweka ni hatari pia kwa anayeshindana kitaifa, kwa kuwa vingine huchanganywa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Kuna wazee wanaoniambia mbege ni chakula, imetengenezwa kwa ndizi na ulezi. Ndizi na ulezi ni chakula, kweli. Pombe iliyozaliwa humo huongeza mkojo, huharibu usingizi na huchelewesha misuli kujijenga. Ukitaka kunywa, kula kwanza, kunywa maji, na isiwe usiku wa kuamkia mazoezi.

Njoo kituoni ukiona haya

Hedhi imekosekana miezi mitatu au zaidi, au msichana amefika miaka 15 bila kuiona kabisa. Maumivu ya mfupa mahali pamoja yanayoongezeka ukikimbia au yanayouma ukiwa umelala. Uzito unaoshuka bila mpango. Moyo kudunda sana, kuishiwa pumzi kwenye kilima ulichokuwa unakipanda bila shida, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, au hamu ya kula udongo. Kuzimia wakati wa mazoezi, au maumivu ya kifua, hayo usisubiri hata kesho.

Ukija, njoo na orodha ya ulichokula siku tatu zilizopita, pamoja na saa. Andika ukweli, hata kama ni chai ya rangi na andazi. Na mzazi anayemleta binti kwa ajili ya hedhi, akubali kukaa nje ya mlango dakika kumi za mwanzo.